Mashina rangi ya kutu, ncha nyeusi, mvi hazijaguswa

Swali: Habari za kazi, dada. Mimi ni msomaji wako wa Nkuhungu, Dodoma, nina miaka 47, nafanya kazi ofisini kule Mtumba. Nywele zangu ni za dawa. Mvi zimejaa zaidi pembeni mwa paji la uso na kwenye mstari wa katikati. Miaka yote nilikuwa napaka rangi nyeusi ya unga, ile ya kuchanganya na maji. Safari hii nikasema nibadili, nikanunua pakiti ya krimu ya kahawia, imeandikwa 5.4, yenye tyubu na kichupa. Nikajipaka nyumbani wiki moja baada ya kuritachi dawa. Nilichanganya vyote, nikatumia nusu, nusu nyingine nikaifungia kwenye chupa ya maji ili nisipoteze. Matokeo yake, nywele za karibu na ngozi zimekuwa rangi ya kutu, ncha nyeusi tii, na mvi za pembeni zipo vilevile, ingawa pale pembeni nilipaka mafuta ya mgando kwanza kama karatasi ilivyoelekeza. Baada ya wiki mbili nikapaka ile nusu iliyobaki, hakuna kilichobadilika. Niliwashwa nyuma ya masikio na shingoni siku mbili baada ya kupaka mara ya kwanza, vikatoka vipele vidogo, vikaisha vyenyewe. Sendofu ya binti yangu ni wiki tatu zijazo. Wenzangu wananiambia nipake nyeusi juu yake yaishe. Unanishauri nini?

Jibu: Dada yangu, hongera ya binti. Usipake nyeusi juu yake, na usinunue pakiti nyingine ya rangi ya kuchanganya, iwe ya krimu au ya unga, kabla hujaonana na daktari. Rangi ya kutu nitakueleza namna ya kuituliza, na ncha vilevile. Ila katika maelezo yako yote lililonishtua ni lile ulilolipitia haraka: kuwashwa nyuma ya masikio siku mbili baada ya kupaka.

Hizo siku mbili ndizo zenye habari. Rangi ikikuchoma ikiwa bado ipo kichwani, kisha ikaacha ukishasuuza, mara nyingi huo ni ukali wa amonia na peroksaidi tu (peroksaidi ndiyo ile ya kwenye kichupa, inayofungua nywele), na wewe ulikuwa na wiki moja tangu uritachi, ngozi bado laini. Mzio wa rangi hauji hivyo. Unapaka Jumamosi, unalala vizuri, Jumapili unaenda kusali unasifiwa, Jumatatu uko ofisini unaanza kujikuna nyuma ya masikio, kisogoni, kandokando ya paji la uso, yaani palepale rangi inapochuruzika wakati wa kusuuza. Vipele vinatoka, kwa wengine vinatoa majimaji, kope zinavimba. Ni kinga ya mwili inayopambana, na kinga ya aina hiyo huchukua siku moja hadi tatu kujikusanya.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kemikali iitwayo paraphenylenediamine, ambayo wengi wanaifupisha PPD. Ndiyo inayoipa rangi ya kudumu ule weusi au ukahawia unaokaa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaiwekea kikomo cha asilimia 2 katika mchanganyiko unaogusa kichwa, ujue si kitu cha kuchezea hata pale inaporuhusiwa. Utauliza mbona ile ya unga haikukufanya kitu miaka yote. Mzio huu hujengeka taratibu. Mtu anapaka mwaka huu salama, mwaka ujao salama, kisha siku moja mwili unakataa, na ukishakataa kwa kawaida haurudi nyuma; safari inayofuata huja mapema na kwa nguvu zaidi. Kwamba hukuwahi kudhurika hakukulindi hata kidogo.

Na ile ya unga usiione nyepesi kwa sababu haina kichupa cha pili. Watu wengi wanadhani ukichanganya na maji tu basi umekwepa kemikali. Kitu cha kufanya kazi ya peroksaidi kimo humohumo ndani ya unga, kinasubiri maji. Na hizo za unga mara nyingi PPD imo, zingine kwa wingi. Pakiti za namna hiyo zisikae mahali watoto wanafika: mtu akimeza unga wake, koo huvimba na figo zinaweza kufa, na hospitali zetu za Afrika Mashariki zinaujua ugonjwa huo vizuri.

Kwa hiyo lile jaribio la kupaka tone nyuma ya sikio na kusubiri saa 48, ambalo kila pakiti inalieleza na karibu kila mtu analiruka, wewe sikushauri ulifanye na rangi ileile. Majibu yako umeshayapata. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, omba kuonana na daktari wa ngozi, na uende na pakiti yenyewe. Kama uliitupa, piga picha nyingine ya aina hiyo dukani, upande wa orodha ya viambato. Akithibitisha kuwa ni mzio wa PPD, iwe habari unayomwambia pia daktari wa meno, kwa maana baadhi ya wenye mzio huu hudhurika na dawa za ganzi za kupaka kama benzocaine. Na kama kwa sababu yoyote rangi itakugusa tena ukaona uso unavimba, macho yanafumba au pumzi inakuwa nzito, usingoje asubuhi, nenda usiku huohuo.

Halafu kuna piko. Sendofu bila michoro ya hina haijakamilika, na mchoraji atakuja na hina nyekundu na ile nyeusi inayokolea upesi. Wewe mama wa binti kaa kwenye nyekundu, tena iwe ya majani matupu. Ile nyeusi kali kwa kawaida ni rangi ya nywele iliyopelekwa kwenye ngozi, na kwa mtu aliyeshaanza kuwashwa inaweza kumwachia malengelenge yenye umbo la ua lilelile alilochorwa. Mwambie na binti mwenyewe.

Sasa tuje kwenye nywele. Ulipaka kichwa chako kana kwamba kina nywele za aina moja. Zipo za aina tatu, na zote ulizipa rangi ileile, siku ileile, kwa dakika zilezile. Hapo ndipo matatizo yako yote matatu yalipotoka.

Anza na mashina. Nywele nyeusi ya Mwafrika ukiifungua kwa peroksaidi haiendi moja kwa moja kwenye kahawia tulivu. Chini ya weusi kuna wekundu, chini ya wekundu kuna chungwa, chini ya chungwa ndipo manjano. Peroksaidi ilipofungua nywele zako mpya ilifukua ule wekundu, na joto la ngozi ya kichwa likaharakisha kazi kwenye sentimita moja mbili za mwanzo. Ndiyo maana kutu inaishia karibu na ngozi haiendi mbali. Mvi zilizochanganyika pale kwenye mstari wa katikati nazo zikafanya lao: mvi haina rangi yoyote ndani ya kuipunguza makali rangi uliyopaka, kwa hiyo ilivaa kile hasa kilichokuwa kwenye tyubu.

Na kwenye tyubu kulikuwa na nini? Soma 5.4 yako. Namba kabla ya nukta ni kina cha rangi: 1 ni nyeusi, 3 kahawia iliyokolea, 4 kahawia ya kati, 5 kahawia hafifu, hivyo hadi 10. Baada ya nukta ni mwelekeo wake. Kampuni nyingi, ingawa si zote, huandika 1 kwa ubaridi wa jivu, 3 kwa dhahabu, 4 kwa shaba, 6 kwa nyekundu, na 0 kwa rangi ya asili isiyoegemea popote. Uliomba shaba dada yangu, na shaba ukapewa, juu ya wekundu uliokuwa umeshafukuliwa. Kwenye pakiti yule mrembo amependeza kwa sababu nywele zake hazikuanza nyeusi.

Ncha ni hadithi nyingine. Nywele zako za chini zina miaka ya dawa na miaka ya rangi nyeusi. Magamba ya nywele yameshalegea, na nywele iliyolegea hunywa rangi kama udongo wa Bahi unavyonywa mvua ya kwanza. Ukiipitisha tena rangi yoyote, hata ya kahawia, itazidi kukolea. Kupaka kutoka shinani hadi nchani kila safari ndiyo kosa ninaloliona zaidi kwa wanaojipaka nyumbani, na pakiti zenyewe hazisaidii, zinaeleza kana kwamba kila mtu ni mara yake ya kwanza. Kinachohitaji rangi ni kile kilichoota tu. Nywele zetu hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Hicho ndicho kipande cha kushughulikia.

Nikuambie na kuhusu zile mvi za pembeni, kwa sababu hapo ulijitahidi na ukaumia bure. Karatasi ilikwambia upake mafuta ya mgando kandokando ya uso ili ngozi isichafuke. Ni kweli. Lakini angalia mkono unavyofanya: mtu anachota kwa vidole viwili, anavuta kutoka paji la uso kuelekea sikioni, na vile vinywele vifupi vya mwanzo, ambavyo ndivyo vyenye mvi, vinalowa mafuta vyote. Rangi haipiti kwenye mafuta ya mgando. Ulizifunika mvi kwa kinga kisha ukazipaka rangi. Mafuta haya hupakwa kwa ncha ya kidole kimoja au kijiti cha pamba, juu ya ngozi tupu, milimita chache nje ya nywele. Na kama huna mkono mtulivu, heri usipake kabisa, ngozi ikichafuka utaifuta kwa pamba yenye mafuta ya alizeti wakati wa kusuuza.

Jambo la pili pale pembeni ni dakika. Mvi zingine huwa ngumu, magamba yake yamebanana, zinataka muda. Sasa karibu kila mtu huanza kupaka katikati au kisogoni ambako mkono unafika vizuri, anamalizia pembeni, kisha anahesabu dakika tangu alipoanza. Pale palipotaka dakika nyingi pakapata chache kuliko pote.

Ile nusu ya kwenye chupa ya maji haikuwa rangi tena. Tyubu na kichupa vikishakutana, kazi inaanza palepale na baada ya saa moja hivi imebaki matope. Tena una bahati kifuniko hakikuruka: peroksaidi huendelea kutoa gesi ndani ya chupa iliyofungwa. Mwenye kutaka kubana matumizi apime nusu ya tyubu na nusu ya kichupa kabla ya kuchanganya, afunge vilivyobaki kila kimoja peke yake.

Sasa sendofu. Wiki tatu zinatosha kama hutakimbilia mambo mengi.

Wiki hii osha nywele kwa shampuu ya kusafisha kwa kina, ile ambayo maandishi yake yanataja kuondoa mabaki, mara moja, na baada ya siku nne mara nyingine. Kila safari malizia kwa kondishena nzito, uiache dakika kumi na tano. Hilo litapunguza mng'ao wa kutu kidogo na litafungua mafuta yaliyojishika pembeni. Usiingize kitu kingine. Watakuja watu na magadi, sabuni ya vyombo, na wengine jiki. Jiki isiguse kichwa chako: inakatisha nywele na inaunguza ngozi, na ikikutana na rangi yenye amonia hutoa mvuke unaodhuru mapafu.

Kuituliza kutu bila PPD kunawezekana. Tafuta rangi isiyochanganywa na chochote, inayopakwa kama ilivyo kwenye tyubu, inakaa juu ya nywele na kutoka kidogokidogo kila unapoosha. Hiyo haina peroksaidi, haifukui kitu. Chagua kahawia iliyokolea yenye mwelekeo wa jivu, kwa sababu jivu lina bluu ndani yake na bluu ndiyo inayoua chungwa. Usichukue iliyoandikwa dhahabu, shaba wala chestnut. Nywele za mashina yako zimeshafunguliwa kwa hiyo zitaishika vizuri. Mvi za pembeni zitapata kivuli tu, zitakuwa za kijivu kilichokolea badala ya nyeupe, na kwa picha za sendofu hicho kinatosha. Kabla hujalipa geuza pakiti utafute maneno mawili katika viambato: p-Phenylenediamine na Toluene-2,5-diamine. Moja likiwepo, rudisha. Pakiti nyingi zinazojisifu kwa herufi kubwa kwamba hazina PPD zinatumia hilo la pili, na ngozi iliyokataa la kwanza mara nyingi hulikataa na ndugu yake. Isiyo na orodha ya viambato kabisa usiinunue hata kama ni ya bei poa na muuzaji anaapa. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na bidhaa halali lazima ijieleze. Nayo hiyo, daktari akikuruhusu, ijaribu nyuma ya sikio saa 48 kabla.

Daktari asipokuruhusu hata hiyo, au usipomwona kwa wakati, usihangaike. Kuna kalamu na poda za kuficha mvi zinazopakwa asubuhi na kuoshwa jioni. Mpambaji wa maharusi yeyote anayejua kazi atakuwa nazo, mwulize mapema. Kuna kilemba, na mama wa binti akifunga kilemba cha kitenge kilichoshonewa sare hakuna atakayeuliza mashina yakoje. Wigi sawa, mradi gundi isipite pale palipowashwa. Kusuka sikushauri kwa sasa: ngozi iliyotoka kwenye vipele haitaki kuvutwa, na rasta zenyewe huwasha watu wengi zikiwa mpya, utashindwa kujua kipi kimekudhuru.

Ncha nyeusi ziache. Rangi haiondoi rangi. Ukipaka kahawia juu ya nyeusi utabaki na nyeusi. Kuna dawa za saluni za kuvunja rangi na kuna blichi, ila nywele za dawa zikipigwa blichi hukatikia kwenye chanuo, nakwambia hivyo bila kupunguza neno. Punguza sentimita mbili sasa hivi, mbili tena baada ya miezi miwili, na kwa kuwa mashina yakitiwa jivu yatakuwa yamekolea, tofauti ya juu na chini haitaonekana sana. Ukizivutia rola na kuzibana nyuma hakuna wa kuiona.

Kwa wasomaji wenye shida kama hii lakini ambao ngozi zao hazijawahi kulalamika, na jaribio la saa 48 limepita salama, mambo ni rahisi zaidi. Kutu ya mashina inafunikwa kwa rangi ya kudumu namba 3 au 4 yenye 0 au 1 baada ya nukta. Mwenye kupenda shaba au nyekundu na ana mvi nyingi achanganye nusu kwa nusu na rangi ya asili ya kina kilekile, kwa maana rangi za mitindo peke yake haziishiki mvi, zinaigeuza karoti. Peroksaidi iwe ya asilimia 6, ambayo kwenye chupa huandikwa 20 volume. Ya asilimia 3 haifungui mvi sugu, na ya 9 au 12, ambayo baadhi ya wauzaji watakusukumia wakisema ndiyo kiboko ya mvi, itafukua wekundu zaidi na kuichoma ngozi. Anza na mvi za pembeni, paka kwa brashi vipande vyembamba, rangi iwe nene ya kuonekana, si ya kupakaza. Hesabu dakika tangu ulipomaliza kupaka. Fuata karatasi, kwa mvi sugu huwa inaruhusu hadi dakika 45. Usitoke ukaketi juani na kofia ya plastiki ili ishike haraka. Jua la Dodoma saa saba mchana linapika mashina kabla mvi hazijaanza kunywa, na mtu anarudi ndani na kutu nyingine juu ya ile ya kwanza.

Kuhusu dawa na rangi: dawa kwanza, kisha subiri wiki mbili kamili, ndipo rangi ya kudumu. Wewe ulisubiri moja. Na kwa sasa usiritachi tena hadi sendofu ipite, hata kama mizizi imesimama.

Kitu kimoja cha hapa kwetu ambacho karatasi za pakiti haziwezi kukijua ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma yanatoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe na kwa mitaa mingine visima vya kuchimba nyumbani, na mengi ni magumu. Unajua mwenyewe: sabuni haitoi povu, na sufuria ya chai ina ukoko mweupe. Ukoko huohuo, yaani kalsiamu na magnesi, unajipaka kwenye nywele kila unapoosha. Nywele zinakuwa na vumbivumbi, rangi inashika hapa na kukataa pale, na ikishika inafifia mapema. Dawa yake si ghali. Shampuu yenye EDTA kwenye viambato vyake, mara moja kwa wiki mbili na siku moja kabla ya kupaka rangi, huyang'oa madini hayo. Ukiikosa, vijiko viwili vya siki katika lita moja ya maji, mwaga kichwani baada ya shampuu, acha dakika mbili, suuza. Lakini si kwenye ngozi yenye vipele au mikwaruzo. Suuzo la mwisho baada ya rangi litumie maji ya kunywa ya dumu, lita mbili zinatosha, au kama ni kati ya Desemba na Aprili kinga ya mvua. Na sabuni ya mche iache kwenye nguo. Ina magadi, inafungua magamba, na kila ukiosha nayo rangi inaondoka na povu.

Hina nayo nimeulizwa sana, hasa na akina mama wa Kondoa. Majani matupu ya hina juu ya mvi hutoa chungwa, haina njia nyingine. Anayetaka kahawia au nyeusi bila PPD hupaka hina kwanza, akaosha, kisha akapaka unga wa majani ya indigo juu yake; ni kazi ya nusu siku, ila kwa mwenye mzio ndiyo njia ya kudumu ninayoiamini zaidi, na wewe unaweza kuifikiria baada ya sendofu, ukishapata neno la daktari. Kinachouzwa kwa jina la hina nyeusi ni kitu kingine kabisa. Majani ya hina hayatoi weusi popote duniani, kwa hiyo weusi ule umetiwa, mara nyingi kwa PPD au kwa chumvi za madini. Zenye chumvi za madini zina balaa lake: zikikutana baadaye na peroksaidi, nywele hupata moto mkononi mwa msusi, hutoa harufu na kukatika. Ukiwahi kutumia kitu hicho na hukumbuki kilikuwa nini, kata kishungi kidogo kutoka sehemu isiyoonekana, kitumbukize kwenye kikombe cha glasi chenye peroksaidi ya asilimia 6 na matone machache ya amonia, karibu na dirisha, subiri nusu saa. Kikitoa povu, kikipata joto au kugeuka rangi ghafla, rangi ya kudumu isiguse kichwa hicho hadi nywele zile zikatwe zote.

Ukienda saluni badala ya kujipaka, mweleze msusi mambo matatu kabla hajakufunga taulo: ulitumia rangi ya unga miaka mingi, umeritachi lini, na umewashwa siku ya pili. Akisema hilo la tatu ni kawaida na litapoa kwa kupaka mafuta ya nazi, mshukuru uondoke.